Rangi iliyolegea bila kutiwa maji

Rangi nyeupe ya maji inaweza kuwa nzito vizuri kwenye ndoo, mteja akaja anataka kahawia, ukatia rangi ya kukolezea, ukakoroga, na ndoo nzima ikalegea mbele ya macho yako. Mti wa kukorogea uliokuwa unatoka umefunikwa na rangi nene sasa unatoka na utando mwepesi unaochuruzika mpaka tone la mwisho. Nyeupe iliyobaki kwenye pipa, ya mchanganyo uleule, iko vilevile. Wachanganyaji wenzangu wengi hapa Arusha wanalijua jambo hili, na kila mmoja ana maelezo yake. Wengine husema rangi ya kukolezea ni feki, wengine husema bainda, ile gundi inayoishikisha rangi ukutani, imepungua. Wenye karakana husema vijana wametia maji.

Mimi nachanganya rangi kwenye karakana ndogo mtaa wa Unga Limited. Nilisoma ufundi wa maabara, na kazi yangu kubwa ni kuhakikisha ndoo ya leo inafanana na ya mwezi uliopita. Ndoo kadhaa za kahawia ziliporudishwa kutoka nyumba moja ya Njiro, fundi akilalamika kwamba rangi inateremka ukutani kabla haijashika, mzee mwenye karakana hakuniuliza kitu. Aliwaangalia vijana wawili wanaofungasha, akasema, "Hawa wametia maji."

Tuhuma hiyo ni nzito kwenye biashara yetu, kwa sababu wizi wa namna hiyo upo kweli. Mtu anachota lita mbili za rangi kwenye ndoo ya lita 20, anajaza maji, na zile mbili anauza pembeni kwa fundi anayepaka vibanda.

"Mzee, nipe mpaka keshokutwa kabla hujawakata mshahara."

"Mwanangu, keshokutwa hawa watakuwa wameshapanda basi."

Lakini alinipa.

Jambo la kwanza lilikuwa rahisi, nikalifanya mchana uleule kwa mizani ya jikoni na jagi la lita moja. Rangi yetu ina kilo 1.4 hivi kwa lita, kwa sababu ya titani, ule unga unaoleta weupe, na unga wa chokaa uliomo. Maji ni kilo moja. Ukiongeza maji sehemu moja kwenye rangi sehemu kumi, lita inashuka mpaka kilo 1.36 hivi, na mizani yoyote ya jikoni inaiona tofauti hiyo. Rangi iliyorudishwa ilikuwa na uzito uleule wa ile iliyokuwa stoo na mihuri yake. Kwa hiyo maji hayakuingia.

Nikanusa. Rangi iliyozitishwa kwa unga wa selulosi inaweza kulegea kwa kuliwa na bakteria: vimeng'enya vyao vinaukata mnyororo wa selulosi vipande vipande, na harufu inakuambia kabla hujafungua mfuniko wote. Hii haikunuka.

Kesho yake nikachota nyeupe kutoka kwenye pipa lenye mchanganyo uleule, nikatia rangi ya kukolezea kwa kipimo cha ile kahawia, mzee akiwa amesimama. Ikalegea. Kisha nikachukua ndoo ya zamani ya nyeupe, iliyozitishwa kwa unga wetu wa siku zote, nikatia rangi ya kukolezea ileile kwa kipimo kilekile. Hiyo ilibaki nzito. Mzee akashika kiuno akaniuliza nimebadilisha nini. Tulichobadilisha kilikuwa dawa ya kuzitisha, na kwa sababu nzuri: mafundi walikuwa wameipenda.

Unga wa zamani ni selulosi ya mimea iliyotibiwa kikemia ili iyeyuke kwenye maji. Mnyororo wake ni mrefu sana. Aina nzito zina uzito wa molekuli unaopita milioni moja. Unga huo unazitisha kwa urefu huo. Minyororo inatanuka ndani ya maji, inajaza nafasi, inapishana na kusukana, na maji hayana njia ya kupita upesi. Ukiinua mti unaona uzi, kama mlenda unavyovutika kutoka kwenye mwiko. Uzi huo ndio unaowaudhi mafundi. Rola inapozunguka kwenye dari, rangi inavutika kati ya rola na dari kuwa nyuzi, nyuzi zinakatika, na kila kipande kinakuwa tone linaloruka. Fundi mmoja aliwahi kuja kwetu moja kwa moja kutoka kazini, nyusi nyeupe, akaniambia, "Dada, nimepaka dari na mimi mwenyewe."

Dawa mpya ilikuja kwenye galoni ikiwa ya majimaji. Msambazaji alisema inatumika kidogo na hairuki, na yote mawili ni kweli. Kilichonishangaza niliposoma karatasi yake ni jinsi mnyororo wake ulivyo mfupi. Molekuli zenyewe ni polima, yaani mnyororo wa vipande vidogo vinavyojirudia, ya oksidi ya ethilini yenye uzito wa makumi ya maelfu tu. Mnyororo wa urefu huo ukiutia peke yake kwenye maji kwa kiasi kile, maji yanabaki maji. Siri iko kwenye ncha. Kila ncha imebandikwa mkia mfupi wa kaboni, aina ya mafuta, kwa kawaida kaboni 12 mpaka 18, ambao haupatani na maji. Katikati panapenda maji, ncha mbili zinayakimbia.

Mikia hiyo ikiwa ndani ya maji inatafutana. Inajikusanya kwenye vifundo vidogo, kila kifundo na mikia mingi ndani, maji yakibaki nje. Polima zikiwa chache, mnyororo unajikunja na kuingiza ncha zake zote mbili kwenye kifundo kimoja, ukawa kitanzi. Kitanzi hakizitishi sana. Ukiongeza polima, vifundo vinakaribiana, na sasa mnyororo unaweza kuweka ncha moja huku na nyingine kwenye kifundo jirani. Hilo ni daraja. Madaraja yakitosha, yanaunganika kutoka upande mmoja wa ndoo mpaka wa pili, na mnato unapanda kwa kasi kubwa kuliko kiasi ulichoongeza. Kwenye rangi kuna zaidi ya hapo: chembe za bainda nazo zina uso ambao mikia inaupenda, kwa hiyo nazo zinaingia kwenye wavu kama vifundo vikubwa.

Nilimweleza mzee hayo yote, na mpaka hapa alikuwa ananifuata. Kilichomsumbua ni swali ambalo hata mimi lilinichukua muda. Kama kuna wavu kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, kwa nini rangi haigandi? Kwa nini inamwagika?

Inamwagika kwa sababu hakuna mkia uliogundishwa. Unakaa kwenye kifundo muda fulani, unachomoka, unaingia kwenye kifundo kingine au unarudi palepale. Wavu upo kila wakati, lakini madaraja ya sasa hivi si yale ya sekunde iliyopita. Ukikoroga taratibu, madaraja yanapata nafasi ya kufunguka na kujenga mengine, na unachohisi mkononi ni uzito tu. Ukivuta ghafla, haraka kuliko mikia inavyoweza kuchomoka, madaraja yananyooka na kuvuta kinyume, na kwa kitambo hicho kidogo umeshika kitu cha jamii ya mpira.

Hili linaonekana kwa macho, na ningependa kila anayechanganya rangi alione. Chukua chupa ya plastiki angavu. Yeyusha dawa hii kwenye maji matupu, bila titani wala bainda, nzito kidogo kuliko unavyotumia kwenye rangi, uache usiku kucha. Itikise ili viputo viingie. Kisha izungushe kwa mkono ghafla na uisimamishe papo hapo, ukitazama kiputo kimoja. Kinakwenda na mzunguko, kinasimama, halafu kinarudi nyuma kidogo. Kurudi kule ni madaraja yaliyokuwa yamevutwa na hayakupata muda wa kufunguka. Sasa iweke chupa mezani, uone kiputo kilekile kikipanda juu polepole bila kurudi tena, kwa sababu mwendo huo mikia inaumudu. Chupa ni hiyohiyo na mmumunyo ni huohuo. Kilichobadilika ni haraka ya mkono wako.

Binamu yangu aliyesomea kemia aliiona chupa hiyo akacheka, akasema hesabu yake ni ya zamani kuliko wazazi wetu. Mwaka 1946 wanasayansi Green na Tobolsky waliandika nadharia ya wavu ambao viungo vyake vinakatika na kuungana upya, wakifikiria mpira unavyolegea ukivutwa muda mrefu. Mwaka 1992 Tanaka na Edwards wakaipeleka nadharia hiyo kwenye polima zenye ncha za kunata kama hizi. Polima ya kawaida ndefu ina nyakati nyingi za kulegea, yaani za mvuto wake kuisha, fupi na ndefu zikiwa zimechanganyika, kwa sababu kila kipande cha mnyororo kina mwendo wake. Hizi zenye mikia miwili, mara nyingi unaona wakati mmoja tu unaotawala, na wakati huo unatokana na muda ambao mkia unakaa kwenye kifundo kabla ya kuchomoka. Mkia ukirefushwa, muda unaongezeka mara nyingi. Kukipata joto, muda unapungua.

Kwangu hilo lilikuwa na faida kuliko yote niliyosoma kwenye karatasi ya msambazaji, kwa sababu lilinipa swali jingine la kuuliza. Nilizoea kuuliza dawa inazitisha kiasi gani. Siku hizi nauliza mkia wake unashika kwa muda gani, na ni nini ndani ya ndoo kinachoweza kuuchomoa.

Tuje kwenye kahawia. Rangi ya kukolezea haiwezi kuwa unga mtupu, ingeganda mabonge. Ndani yake kuna kemikali za jamii ya sabuni zinazozishika chembe za rangi zisishikane. Molekuli ya sabuni nayo ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa mafuta. Ukiimimina kwenye wavu wetu, mikia ya sabuni inaingia kwenye vifundo pamoja na mikia ya polima. Ikiwa kidogo, inasaidia: vifundo vinashika vizuri zaidi, vitanzi vingine vinageuka madaraja, na mnato unapanda. Ikizidi, sabuni inaunda vifundo vyake vingi mno, kila mkia wa polima unapata kifundo ambamo uko peke yake kati ya sabuni tupu, na hakuna mnyororo wa pili wa kuunganishwa nao. Kila kitu bado kimo ndani ya ndoo, hakuna kilichoharibika wala kuibiwa, ila wavu haupo. Sabuni inawahi pia uso wa chembe za bainda na kuiondoa mikia ya polima iliyokuwa imeshika pale.

Nilimwonyesha mzee kwenye chupa ileile, kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na bomba la sindano. Tone, koroga, inua mti. Tone, koroga, inua mti. Mwanzoni uzito ulipanda mpaka akaniangalia kama namchezea. Nikaendelea. Baada ya hapo kila tone likawa linashusha, na mwisho chupa ikawa inacheza kama maji ya bomba. Akachukua mti mwenyewe, akainua mara mbili tatu.

"Kwa hiyo sabuni imeikata?"

"Haijaikata, Mzee. Imeifungua. Polima yote imo humo."

Hakusema lolote kuhusu vijana. Mwisho wa mwezi mshahara wao ulitoka kamili, na kwa namna alivyo, hayo ndiyo maneno yote utakayoyapata.

Kikombe chenye tundu, kile ambacho karakana nyingi ndogo hutumia kupima rangi kwa kuhesabu sekunde kwenye simu, kina uongo wake hapa. Kinapima kwa mwendo mmoja tu, mwendo wa rangi inayoteremka kwa uzito wake kupitia tundu. Rola inaisukuma rangi kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko hiyo, na rangi iliyokwisha kupakwa ukutani inateremka kwa mwendo mdogo kabisa. Ndoo mbili zikitoa sekunde sawa kwenye kikombe, moja ya unga na nyingine ya mikia, ukutani zinatengana. Ya unga inalegea sana chini ya brashi na kurudi nzito upesi, kwa hiyo haiteremki ila alama za brashi zinabaki. Ya mikia inabaki na mwili chini ya rola, inaacha koti nene lililo sawa, alama zinajifuta zenyewe, lakini ukiizidisha ukutani utaiona inashuka. Bado natumia kikombe, kwa kulinganisha mchanganyo wa leo na wa jana, wa dawa ileile. Zaidi ya hapo nakwenda na rola kwenye ukuta wa nyuma, ambao sasa una viraka vya rangi zote tulizowahi kuuza.

Halafu kuna Julai. Arusha iko juu kiasi cha mita 1,400, na asubuhi za Julai karakana ni baridi ya kuvaa koti. Maji matupu yenyewe hupungua mnato kwa kama theluthi yakitoka nyuzi joto 10 kwenda 25. Mmumunyo wa polima hizi hushuka zaidi ya nusu, kwa sababu joto linafupisha muda wa mkia kwenye kifundo. Kwenye rangi kamili tofauti ni ndogo kuliko hiyo, ila ipo. Mchanganyo uliopimwa saa moja asubuhi na kuonekana umezidi uzito, ukautia maji, mchana fundi aliye mtaa wa Sakina anakupigia simu. Kwa hiyo naiacha rangi ilale, naipima kesho yake saa zilezile, ndoo ikiwa imekaa ndani. Kulala kuna sababu nyingine: mikia inachukua saa nyingi kugawana nafasi kati ya vifundo na uso wa bainda, na rangi iliyotoka kwenye mashine sasa hivi haijafika inakokwenda.

Msambazaji mwingine alituletea aina ya tatu, ya maji meupe kama maziwa, inayozitisha ukitia amonia kidogo. Hiyo ina mikia pia, lakini mnyororo wake una chaji, na amonia inapoingia chaji zinasukumana, mnyororo unafumuka. Ni ya bei nafuu. Niliiogopa kwa sababu ya maji yetu. Maji ya visima vingi vya huku, mbali na floridi inayotuchora meno, yana sodiamu na bikaboneti nyingi, na chumvi yoyote kwenye maji huzituliza chaji zile, mnyororo ukasinyaa. Ile ya oksidi ya ethilini haina chaji, haijali sana. Mwenye karakana aliye na maji ya mvua kwenye tangi aijaribu kwa amani.

Tulichofanya kwa rangi zilizokolea ni kuchanganya dawa mbili, unga kwa nusu na mikia kwa nusu. Unga haujali sabuni, kwa hiyo rangi haiporomoki yote. Tena nyeupe ya kukolezwa tunaitengeneza nzito kupita kiasi makusudi, na kwenye ndoo tumeandika kwa maka "usipake bila kukoleza", kwa sababu kuna waliopaka hivyohivyo wakaja kulalamika. Kwa rangi za krimu, kijivu na maji ya bahari hii inatosha kabisa.

Nyekundu ya matofali bado inanisumbua. Inataka rangi ya kukolezea nyingi mno, na kila nikiongeza unga ili isiteremke, yule fundi wa nyusi nyeupe ananikumbusha kwamba nyusi nyekundu ni mbaya zaidi. Msambazaji anasema kuna aina yenye mikia ya ziada katikati ya mnyororo, siyo kwenye ncha mbili tu, kiasi kwamba sabuni ikiuchomoa mmoja mingine inabaki imeshika. Inaelekea akilini. Amenitumia sampuli ya nusu lita kwa basi kutoka Dar, nimeipokea jana stendi, na Jumamosi mashine ikiwa haina kazi nitaanza nayo kwenye chupa angavu, na bomba la sindano la sabuni pembeni.